Shuka la Nyota la Wodi ya Kifua

Naomba radhi kwanza kwa mwandiko huu. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na r na l zinanichanganya mpaka leo, maana kwetu ulimi hauzitengi sana. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole. Nesi wa kliniki ya kifua hapa Nachingwea ameniambia nisijali, atarekebisha panapotisha. Yeye ndiye aliyetaka niandike, kwa ajili ya wanaoanza dawa sasa, wanaokaa kwenye lile benchi la nje wakitazama miguu yao. Mimi nilikaa hapo nikitazama miguu yangu. Nawaandikia ninyi.

Naitwa Rashidi. Ugonjwa uliponianza nilikuwa kijana wa miaka kama kumi na saba, najifunza ushonaji kwa Fundi Swalehe, kwenye baraza ya duka karibu na soko. Kazi yetu kubwa ilikuwa sare za shule: sketi za bluu iliyokoza, mashati meupe, kaptula za kaki. Nilikuwa na haya sana. Mteja akija nilimpima bila kusema neno, nikitaka ageuke nilimwonyesha kwa kidole. Fundi aliwaambia wateja kwamba kijana wake si bubu, maneno yake yako kwenye akiba.

Kikohozi kilianza wakati mikorosho inatoa maua. Wakati huo watu wengi kwetu hukohoa, kwa sababu mashambani wanaipulizia mikorosho salfa na vumbi lake linafika hadi mjini. Nilijiambia ni salfa. Maua yakaisha, salfa ikaisha, wenzangu wakanyamaza, mimi nikaendelea. Usiku shati lililowa jasho, asubuhi nililianika kabla Fundi hajaja. Suruali ikawa haikai kiunoni, nikaifunga kwa utepe wa kupimia uliochakaa. Siku moja nilikuwa nashona kola ya shati jeupe la mwanafunzi, nikakohoa, na tone jekundu likaangukia pale pale kwenye kola.

Fundi aliliona. Alilichukua shati, akalikunja tone likiwa ndani, akafunika cherehani. Kisha akaniambia nipande nyuma ya baiskeli.

Lazima niwaambie kwa nini niliogopa njia nzima. Mama yangu alikufa kwa kifua nilipokuwa mdogo, miaka ya tisini. Alianzishiwa vidonge, akapata nafuu, akanenepa kidogo, mvua zikaanza naye akaenda shambani akaviacha. Mwaka uliofuata hakuiona korosho. Hayo niliyajua tangu utoto, kama mtoto anavyojua mlango wa nyumba yao uko wapi. Baba alishahamia Masasi kwa mke mwingine. Kwa hiyo kwenye lile benchi tulikaa mimi na Fundi tu.

Ukikaa kwenye benchi lile unapewa kikopo cha makohozi. Ukishakishika tu, watu wanakufahamu. Hakuna anayekufukuza. Mama mmoja alimhamisha mtoto kutoka goti la kushoto kwenda goti la kulia, akajisogeza, na mwingine naye akajisogeza, mpaka pakawa na nafasi ya watu wawili kati yetu na wao. Fundi aliitazama nafasi ile akanyoosha miguu yake ndani yake, akasema leo tumepata mahali pa kupumzika. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa najiuliza kama Mama naye alikaa upande huu wa benchi.

Walinilaza wodini. Nesi alieleza kwamba kwa miezi miwili ya mwanzo nitameza dawa mbele ya macho yao, na baada ya hapo nitaendelea nyumbani kwa miezi sita. Aliniambia neno moja tu ambalo nawapa na ninyi: usiache hata ukijiona umepona. Hilo peke yake ndilo lililokuwa mbele yangu. Nisipoacha, naishi. Nikiacha, njia ninaijua, Mama aliipita.

Asubuhi ya kwanza baada ya kumeza nilikwenda chooni nikaona mkojo umekuwa mwekundu kama maji yaliyooshea mhogo uliotoka kwenye udongo wetu mwekundu. Nilishika ukuta. Nilidhani damu imeamua kutoka kwa njia zote. Nilikaa na siri hiyo siku mbili, nikingoja kufa, kwa sababu niliona haya kumwambia nesi, ambaye ni mwanamke. Aliyenitoa hofu ni mzee wa kitanda cha jirani, Mzee Alberto, Mmakua ambaye watu wake walivuka Ruvuma zamani kutoka Msumbiji. Aliniona narudi nimekunja uso.

"Mtani," akasema, "umekojoa soda ya chungwa?"

Nikageukia ukuta.

"Sote humu tunakojoa soda ya chungwa. Ni rangi ya dawa. Ingekuwa damu ningeshaomba lile shati lako, maana Mmwera akifa mtani wake ana haki."

Ndivyo alivyokuwa. Wamakua na Wamwera ni watani, na mtani anaruhusiwa kulitaja lile ambalo ndugu hawezi. Nilimwogopa na nilimpenda.

Mchana wodini ulikuwa mrefu kuliko usiku. Mikono yangu ilizoea kazi, na ilipokaa bure ilianza kujipima: inazunguka kifundo, inazunguka mkono wa juu, inahesabu mbavu. Kila siku niliona nimepungua, hata siku ambazo mizani ilisema sivyo. Fundi alipokuja Ijumaa baada ya swala nilimwomba vipande. Alifikiri hajasikia vizuri.

"Vipande vya nini?"

"Vya sare. Vinavyoanguka."

Nilikuwa na jambo kichwani. Kabla sijaugua, kwenye marobota ya mitumba Fundi aliokota shuka zito la viraka, kazi ya watu wa mbali, limejaa nyota. Kila nyota ilikuwa na vipande vinane vilivyochongoka pande mbili, vimekutana katikati kwenye ncha moja. Tuliligeuza ndani nje tuone mishono. Fundi alisema aliyeshona hili alikuwa na subira au alikuwa na huzuni. Mwalimu mmoja alilinunua siku hiyo hiyo, lakini macho yangu yalibaki nalo.

Fundi akaniletea mfuko wa vipande, sindano na uzi. Rangi zilikuwa zile zile tatu tunazoshona kila siku, bluu, nyeupe na kaki. Alinionea huruma akaongeza kipande chekundu cha kanga ili lichangamke. Nilikirudisha. Sikutaka kuona wekundu mahali popote ambapo ningeweza kukohoa.

Nyeupe nayo ilinitisha kwa namna nyingine. Siku za mwanzo kijana wa kitanda cha dirishani alifariki wakati chai inagawiwa, akafunikwa shuka jeupe, na chai yake ikabaki inapoa. Nikiwa na kitambaa cheupe kikubwa mapajani nilihisi napimwa sanda. Nikaamua kwamba nyeupe itakuwa nyota, siyo uwanja. Uwanja utakuwa bluu, kaki itapita pembeni. Nyeupe niliikatakata vipande vidogo, visivyoweza kumfunika hata mtoto mchanga. Nilipokuwa naikata kifua kilitulia kidogo.

Kipimo cha kukatia vipande nilikichonga kutoka kwenye boksi la dawa. Nyota ya kwanza niliishona kwa siku kadhaa, na nilipoilaza kitandani katikati yake iliinuka juu kama kichuguu. Nikaikandamiza, ikainuka.

"Hiyo ni nyota au kofia?" Mzee Alberto akauliza.

Nilifumua. Nikagundua kwamba kila kipande kilizidi kwa unene wa uzi tu. Kimoja hakina neno, lakini vinane vikikutana katikati vinasukumana mpaka kitambaa kinakosa pa kukaa. Nikachonga kipimo upya. Nyota ya pili ililala. Mzee Alberto aliipitishia kiganja, akasema sasa hii mtu anaweza kuilalia bila kuota yuko mlimani. Manesi wakawa wanakuja kuitazama wakati wa dawa. Nesi alikuwa na kawaida ya kusema meza nione, fungua mdomo nione, na sasa akaongeza, nyota nione. Mimi nilionyesha vyote vitatu.

Miezi miwili ikaisha korosho zinaanza kuanguka. Makohozi yangu yakapimwa tena, yakawa safi. Mzee Alberto naye aliruhusiwa wiki ile. Tuliagana kwa matusi ya utani pale mlangoni. Fundi alitaka nikakae nyumbani kwake, lakini analala chumba kimoja na watoto wadogo wanne, na siku nilipokula kwao baada ya kutoka wodini niliona jinsi mke wake alivyokiweka kikombe changu peke yake, kwa upole, bila ubaya. Nikasema nitakwenda Mbekenyera, kwa Bibi, mama mzaa mama. Nesi akanifungia vidonge vya mwezi na kunielekeza zahanati nitakakochukulia vingine.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe lililonifanya nikubali kuandika.

Bibi yangu ni mtu wa Kimwera. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha bei na salamu. Mimi nimekulia mjini Nachingwea, ambako Mmwera, Mmakonde, Myao na Mmakua wote wanakutana kwenye Kiswahili, kwa hiyo Kimwera changu kilikuwa cha kusikia nusu. Mama ndiye aliyekuwa daraja letu, naye hakuwepo. Bibi aliniita Lashidi, na kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mume wangu. Alinipikia uji, alinifukuzia kuku kitandani, alinitazama nikilala. Tuliongea kwa mikono na kwa neno moja moja. Mimi mtu wa haya, neno moja lilinitosha.

Asubuhi nilimeza dawa, nikatandika mkeka kibarazani, nikashona. Bibi akitoka jikoni alisimama mbele yangu na kuuliza, "Wafanya nini, mume wangu?"

Nilijibu, "Nyota."

Aliingia ndani akaniletea maji.

Niliyanywa. Nilidhani nesi amemwagiza aninyweshe maji kwa sababu ya dawa. Mchana aliuliza tena, au aliniona nimeinama muda mrefu akauliza nataka nini, nikasema bado nyota. Akaleta maji. Jioni nilipokuwa nakunja kitambaa nilisema nyota tatu bado. Akaleta maji kwenye kata kubwa, akasimama mpaka nikamaliza. Uso wake ulikuwa unabadilika siku hadi siku, sikujua kwa nini. Alikuwa ananishika shingo, anatazama ulimi wangu. Usiku nilimsikia anaomba. Na mimi nilikuwa navimba tumbo kwa maji, lakini ningeanzaje kumkatalia Bibi?

Wengine mnaosoma mmeshaelewa. Kwa Kimwera cha Bibi, kiu inaitwa kwa neno linalosikika karibu sawa na nyota yetu ya Kiswahili. Mimi sikulijua. Kila siku, asubuhi, mchana na jioni, mjukuu mgonjwa alikuwa anamwambia bibi yake: kiu. Bado kiu. Kiu tatu bado.

Mjomba Hassani alikuja kutoka Malolo kwa baiskeli. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba anaweza kuwa mbali, lakini mjomba akisema kaa, unakaa. Alikaa na Bibi nyuma ya nyumba wakaongea Kimwera muda mrefu, sauti ya Bibi ikikatika. Kisha akaja kibarazani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama, akaingia chumbani kwangu akatoka na mfuko wa vidonge.

"Hizi nakwenda nazo," akasema.

Niliinuka mkekani.

"Dada yangu alikufa anaita maji, Rashidi. Mdomo umekauka kama gome, anaita maji mpaka mwisho. Na alikuwa anameza hizi hizi. Sitazika wawili kwa dawa moja."

Hilo la maji sikuwahi kuambiwa. Nilijua Mama aliacha dawa. Wao walijua kwamba alikufa na kiu. Tulikuwa na kifo kimoja, kila upande ukakishika mahali pake. Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema nesi amekataza kuacha, nilitaka kusema mimi nimepata nafuu, angalia mikono yangu. Mbele ya mjomba, maneno yote yalirudi tumboni. Alifunga mfuko kwenye keria ya baiskeli. Aliniachia unga wa mizizi wa kutuliza moto wa ndani, akamwagiza Bibi auchemshe.

Wiki zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote, mbaya kuliko wodini. Wodini nilikuwa naogopa lakini nilikuwa nameza. Sasa nilikuwa najisikia vizuri, na kule kujisikia vizuri ndiko kulikonitisha, kwa sababu Mama naye alijisikia vizuri. Nilianza kusikiliza kifua. Nilikuwa navuta pumzi hadi chini kabisa na kungoja kama kuna kitu kitakwaruza. Kilikuwa kipindi cha joto kabla ya mvua, kila mtu anatoka jasho, na mimi nikiamka nimelowa sikuweza kujua ni jasho la joto au ni lile jasho lingine limerudi. Nilitema mate kwenye kiganja nikayatazama kwenye mwanga. Kwenda zahanati bila vidonge niliogopa: ningesema nani amevichukua? Ningemshitaki mjomba kwa watu wa serikali? Nilibaki kibarazani na sindano. Na Bibi aliendelea kuuliza, na mimi niliendelea kujibu.

Nyota ya mwisho ilikuwa mbele yangu mvua za kwanza ziliponyesha. Nilijua Mjomba atakuja kumsaidia Bibi kupanda. Tangu siku ile ya mvua nilifanya mazoezi ya sentensi moja, peke yangu, nikiwa kwenye shimo la taka, nikiwa kisimani. Mtu asiyekuwa na haya hawezi kujua kazi ya sentensi moja.

Alikuja na jembe begani. Nilisimama.

"Mjomba, naomba dawa zangu."

Aliliegemeza jembe ukutani. "Kiu imekwisha?"

"Kiu gani, Mjomba?"

"Usinichezee. Mama yangu halali kwa sababu ya kiu yako."

"Mimi sina kiu. Sijawahi kuwa na kiu. Nimekunywa maji ya Bibi kwa adabu tu."

Alimwita Bibi. Bibi akatoka na unga mikononi, akaongea kwa haraka, akininyooshea kidole, machozi yakimtoka. Mjomba alinigeukia. "Anasema hata leo asubuhi umemwambia. Mama yangu hajui kusema uongo."

"Nilimwambia nini?"

Mjomba akamwuliza. Bibi alinitazama kwa huruma, kama mtu anayelazimika kumtaja marehemu, akalisema neno lile kama alivyolisikia mdomoni mwangu.

"Nyota," akasema. "Nyota, nyota. Kila siku, nyota."

Mjomba alimtazama Bibi, kisha mimi. Anakijua Kiswahili vizuri, alishafanya kazi ya karani wa mizani kwenye ghala la korosho. Niliona neno linageuka kichwani mwake, kwanza upande wa Kimwera, halafu upande wa pili.

"Rashidi," akasema polepole, "ulikuwa unasema nyota, au ulikuwa unasema nyota?"

Niliingia ndani nikatoka na shuka, nikalitandaza mkekani, lote, na ile nyota moja iliyokuwa bado haijafungwa pembeni.

"Hizi," nikasema. "Nilikuwa namwambia nashona hizi."

Mjomba alichuchumaa. Alimweleza Bibi kwa Kimwera, akionyesha juu, ingawa juu palikuwa na mawingu matupu. Bibi akapiga magoti, akagusa nyota moja, akagusa nyingine.

"Mimi nadhani majani ya muhogo," akasema kwa Kiswahili chake.

Mjomba alicheka. Alicheka akashika kichwa, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akatugeuzia mgongo. Hatukupanda mbegu siku hiyo. Alipanda baiskeli mvua ikiwa inaanza upya, akarudi Malolo.

Nilikaa mlangoni mchana ule wote. Nilikuwa nawaza: amevitupa chooni. Amevichoma. Amempa mtu. Giza linakaribia akatokea, amelowa mpaka mifupani, mfuko ameuweka ndani ya shati. Vilikuwa vizima. Nilimwuliza, na ndiyo mara ya kwanza nilimwuliza mjomba wangu swali, kwa nini hakuvitupa.

"Nilivihifadhi," akasema, "niende nikawaonyeshe hospitali siku nitakayokuzika."

Aliniambia hivyo akiwa anakamua shati lake. Sikupata usingizi.

Sikurudia kumeza vidonge kimya kimya tu. Mjomba mwenyewe alinipeleka Nachingwea, akasimama mbele ya nesi akasema kosa ni la kwake. Nesi alisikiliza yote mpaka mwisho. Hakumgombeza. Alisema sasa lazima tupime upya, kwa sababu ukikatiza, ugonjwa unaweza kuamka ukiwa umezoea dawa, na hapo ni sindano kila siku. Nikapewa kikopo. Nikarudi kwenye benchi.

Aliyekuwa amekaa upande wa pili wa ile nafasi ya watu wawili alikuwa Mzee Alberto. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Sikumtambua mpaka aliponiita.

"Mtani. Na wewe?"

"Walinichukulia vidonge. Na wewe?"

"Mimi hakuna aliyenichukulia." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Nilijisikia vizuri. Shamba lilikuwa linaniita."

Siku ile hakutania, na hilo lilinitisha kuliko kikohozi chake. Tulisogea, tukaijaza ile nafasi. Wakamwita yeye kwanza. Alianzishiwa sindano wiki hiyo.

Mimi nilingoja majibu hadi kesho yake. Mjomba alilala kwenye baraza ya Fundi Swalehe, juu ya marobota ya vitambaa, na wawili hao waliicheka mbele yangu hadithi ya nyota mpaka watu wa duka wakaja kusikiliza. Nilijua wanacheka ili nisisikie wanavyoogopa. Majibu yalitoka: makohozi safi. Niendelee na vidonge, na siku zilizopotea zitalipwa mwishoni. Nesi aliponiambia nilikaa chini sakafuni.

Kuanzia siku hiyo Bibi ndiye aliyenimezesha. Alisimama na kata, akatazama kidonge kinakwenda, akanigusa koo kuhakikisha kimepita. Mvua zilinyesha, mahindi yakabeba, ufuta ukachanua. Mikono yangu ilijaa. Nilianza kula mpaka Bibi akaficha chungu. Nililifunga shuka kwa nyuma kwa blanketi kuukuu, nikapitisha mshono kuzunguka kila nyota. Bibi aliliomba. Alisema mimi ni kijana, nitashona jingine, yeye baridi inamjua kwa jina. Analilalia mpaka leo, nyota zikitazama chini, kwa sababu anasema upande wa blanketi ndio laini.

Nilimeza kidonge cha mwisho ufuta ukiwa umekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu ukauke. Nikapimwa Nachingwea mara ya mwisho. Safi. Mzee Alberto naye yu hai. Sindano zimemchukua sikio moja, na anasema ni heri, maana ni lile alilokuwa akilitumia kumsikiliza mke wake.

Nimerudi kwa Fundi. Nashona sare. Wateja bado nawaonyesha kwa kidole, lakini neno nimejifunza kulirudia mara mbili, na likiwa na uzito nalisema kwa lugha mbili. Wewe unayeanza dawa, ukiwa na mzee nyumbani, mwambie unavyojisikia kwa lugha yake, mtafute wa kutafsiri, usitegemee neno moja. Na kidonge usikiache, hata akisema nani.

Ila sitawadanganya kwamba hofu imekwisha. Mikorosho imechanua tena, salfa iko hewani, mji mzima unakohoa. Na mimi nakohoa. Kila nikikohoa naacha cherehani, naziba mdomo kwa kipande cheupe, kisha nakitazama. Mpaka sasa kimekuwa kitupu kila mara. Fundi anaona, anaendelea kukata.

Kwa hiyo nina ombi. Kama wewe ulimaliza dawa miaka mingi iliyopita na bado unapumua, niandikie. Mwandiko usikusumbue, wangu umeuona. Barua mpe nesi wa kliniki ya kifua, atanifikishia barazani. Sitaki unieleze ulivyopona. Niambie tu, ilikuwa mwaka wa ngapi baada ya dawa ulipokohoa, ukaendelea na kazi yako bila kutazama.